Uzi Kwenye Kopo la Okidi

Mzizi wa okidi ulio mzima, ukiwa na kiu, huwa mweupe wenye mng'ao wa fedha. Ukinyweshwa hugeuka kijani papo hapo, kabla hujaweka kopo chini. Mzizi uliooza huwa wa kahawia. Ukiubana kwa vidole viwili ganda lake huteleza na kuchomoka kama soksi iliyolowa, ukabaki umeshika uzi mwembamba usio na kazi yoyote. Nimeyajua haya kwa miaka kumi na minane ya kuyatunza maua hayo, kwanza Tanga na sasa hapa Mshangano, pembezoni mwa mji wa Songea. Nayatanguliza kwa sababu hofu ninayotaka kuieleza ilinijia kupitia mizizi, wiki kadhaa kabla daktari yeyote hajanigusa.

Hofu yenyewe ni ya zamani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa sala katika kigango chetu huko Iringa. Alipokuwa na umri unaokaribia nilio nao leo, alianza kurudia. Tulipokuwa tukisali rozari jioni, alimaliza tendo la pili kati ya yale matano, kisha akalitaja tena tendo la pili, na baada yake tena la pili. Sisi watoto wake, watu wazima wenye ajira, tulipiga magoti tukamwitikia kila mara kana kwamba tunasonga mbele. Hakuna aliyemwambia. Tuliiita heshima. Siku alipopotea njia ya kanisani aliyoipita maisha yake yote, tuliwaambia majirani kwamba mzee amependa kutembea. Alikufa akiwa hatambui sura ya mtu yeyote kati yetu, na tangu hapo nimejipima kimya kimya kila mwaka, kama mtu anayepapasa kifua chake akitafuta uvimbe: majina ya wanafunzi niliosoma nao, mpangilio wa vitabu vya Biblia, tarehe za kuzaliwa za wanangu wawili ambao sasa wana maisha yao mbali nasi.

Kazi yangu ni kukagua shule. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeingia madarasani kutafuta makosa ya watu wengine na kuyaandika kwa lugha iliyonyooka. Sijawahi kumsamehe mwalimu aliyesema amesahau kuandaa somo. Nilikuwa nikisema mbele ya walimu wote, nikiamini kila neno, kwamba kusahau ni jina la adabu wanaloupa uzembe.

Sasa nirudi kwenye maji, maana ndiyo kiini cha habari hii.

Tanga okidi ilitaka maji kila asubuhi, na katika miezi ya joto kali mara mbili, asubuhi na mchana. Hewa ya kule ni nzito, jua linachoma, na makumbi ya nazi niliyoyajaza katika vyungu yalikuwa yakikauka kabla sijamaliza chakula cha mchana. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili, nikitoka nyumbani na nikirudi, mkoba ukiwa ungali begani. Nilipohamishiwa Songea nilikuja na vyungu kumi na kimoja ndani ya sanduku la mbao, na nikaendelea kama nilivyozoea. Kipupwe cha kwanza kiliniulia vyungu vinne. Huku ni juu, baridi ya Juni na Julai inashuka kutoka milima ya Matogoro na kukaa barazani hadi saa nne asubuhi, na maji ya bomba yanauma mikono. Makumbi ya nazi yaliyonyweshwa Jumatatu yalikuwa bado yamelowa Jumapili. Na hapa ndipo okidi inapowadanganya wasioijua: mizizi ikioza, majani husinyaa na kulegea sawasawa na ya mmea wenye kiu. Mtu mwenye huruma huongeza maji. Kila anapoongeza, anaua.

Nilijifunza. Niliyatupa makumbi, nikaweka vipande vya mkaa na magome ya misindano. Niliacha kutumia maji ya bomba moja kwa moja. Ndoo inakaa juani kwanza hadi ubaridi uishe. Kwa kipupwe chote okidi zangu hunyweshwa mara moja kwa wiki, Jumamosi saa nne, kwa kopo la maziwa ya unga nililolitoboa matundu kitakoni na kulitia mshikio wa waya. Kopo hilo huning'inia kwenye msumari wa nguzo ya baraza. Vyungu saba vilivyobaki vilinawiri kwa utaratibu huo miaka mitano mfululizo.

Upande wa pili wa ua wa michongoma anaishi bibi mmoja Mngoni, mjane, mkulima wa mahindi, ambaye kutoka kwenye kigoda chake cha kupukuchulia anaona baraza yangu yote. Mimi ni Mhehe. Babu zetu walirushiana mikuki, na sisi tumeurithi ugomvi huo ukiwa umegeuka utani: mtani anaweza kukuambia jambo lolote mbele ya yeyote, nawe huruhusiwi kununa. Siku ya kwanza aliponiona nikiyanywesha maua, alisimama, akashika kiuno.

"Mhehe! Unakinywesha nini hicho?"

"Shikamoo, Bibi. Ni maua, okidi."

"Marahaba. Okidi gani, hiyo chikanda hiyo! Ndugu zake tunawachimba milimani, wachuuzi wanapeleka viazi vyake Zambia, watu wanatengeneza chakula. Wewe umekivisha chungu na kukipa kopo, kama mtoto wa mfalme."

"Nyie Wangoni kila kitu mnakitazama mkiwa na sufuria mkononi."

"Afadhali sufuria. Nyie mkiona mbwa anapita mnatafuta chumvi!"

Tuliishi hivyo, na niliyafurahia matusi yake kuliko nilivyokuwa tayari kukiri, mimi ninayesifika kwa kutocheka.

Kipupwe cha mwaka huu, Jumatano moja, niligusa magome ya chungu cha kwanza nikakuta yamelowa. Nikagusa cha pili. Vyote saba vilikuwa vimelowa, na mizizi iliyochungulia ilikuwa kijani. Sakafu chini yao ilikuwa na alama za maji. Nyumba yetu ina watu wawili tu, mimi na mke wangu, Msambaa niliyemwoa Tanga, ambaye ni fundi wa kushona na hufanya kazi yake nyumbani, kwenye chumba kinachotazama baraza. Nilimwita.

"Mama, umeyamwagilia maua?"

Aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akanitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Hapana, Mwalimu."

"Yamelowa."

"Nimeona."

"Basi yamejimwagilia yenyewe?"

Aliirudisha miguu yake kwenye cherehani, na mlio wake ukaziba mazungumzo. Nilichukulia ukimya huo kuwa kukiri. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nikiwa na wageni wawili kutoka jumuiya yetu ndogo ndogo, nilisema mbele yao kwamba mke wangu ana moyo mwema usiosikia maelekezo, na kwamba wema wa namna hiyo ndio unaoua. Wageni walicheka. Yeye alikusanya vikombe vya chai akaenda jikoni. Nilikuwa nimesema kweli tupu kuhusu okidi, na kwa hiyo sikuona kwamba nilikuwa nimemdhalilisha mtu.

Vyungu viliendelea kulowa. Jani la kwanza lililegea katika okidi nyeupe, ile kongwe kuliko zote. Nilipoitoa katika chungu, nusu ya mizizi ilichomoka maganda mikononi mwangu. Nilikata iliyooza kwa wembe niliouchoma moto, nikapaka unga wa mkaa kwenye majeraha, nikairudisha. Bibi alikuwa akinitazama kutoka kigodani.

"Mtani, hiyo imekufa kwa pombe."

"Pombe gani, Bibi?"

"Si umeilea Kihehe? Mmezoea ulanzi, asubuhi mnakunywa, mchana mnakunywa. Unaamka unalinywesha, unarudi kazini unalinywesha tena. Ua gani litavumilia ulevi huo?"

Nilicheka. Nilimjibu kwamba Mngoni hawezi kumhubiria mtu kuhusu pombe, naye akajipiga kofi pajani. Aliniambia ukweli wote, waziwazi, kwa sauti iliyofika barabarani, nami niliupokea kama utani kwa sababu ulitoka kwa mtani.

Niliamua kuweka mtego. Nachukia mitego nyumbani, lakini nilijiambia kwamba ushahidi ni haki ya mshitakiwa pia. Jumamosi, nilipomaliza kumwagilia, nilichukua uzi mweusi kutoka kwenye kibweta cha mke wangu akiwa sokoni Bombambili, nikafunga mshikio wa kopo kwenye msumari. Nilitumia fundo nililojifunza nikiwa mwalimu kijana, nilipokuwa nikifunga mafurushi ya karatasi za mitihani: mizunguko miwili, ncha inapita chini ya mzunguko wa kwanza na kurudi juu ya wa pili, kisha inavutwa kuelekea kushoto kwa sababu mimi ni mashoto. Aliyenifundisha amekwisha kufariki, na sijamfundisha mtu. Mke wangu ni mtu wa mkono wa kulia, hufunga nyuzi zake kwa mkupuo mmoja wa kidole, na hawezi kuliiga fundo langu hata akilitazama. Yeyote atakayelitaka kopo ama atakata uzi, ama atafungua na kufunga vibaya.

Jumatatu asubuhi uzi ulikuwa kama nilivyouacha. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano niliporudi mchana kwa chakula, vyungu vilikuwa vikidondosha maji.

Nilikwenda kwenye nguzo nikiwa na furaha ya mkaguzi aliyemkuta mwalimu mkuu hayupo ofisini. Kopo lilikuwa mahali pake. Uzi ulikuwa umelowa, na ncha yake ilikuwa fupi kidogo kuliko nilivyoiacha, kwa maana uzi ulikuwa umefunguliwa na kufungwa upya. Nililitazama fundo. Mizunguko miwili. Ncha chini ya wa kwanza, juu ya wa pili. Limevutwa kuelekea kushoto.

Mtu anapogundua kwamba ameibiwa, huangalia huku na huku. Mimi sikuwa na mahali pa kuangalia. Nilitazama mikono yangu. Mkono wa kushoto wa shati ulikuwa na unyevu hadi kwenye kiwiko. Nilijaribu kukumbuka nilivyofika barazani kutoka kwenye lango. Nilikumbuka bodaboda iliyonileta, nauli, mbwa wa jirani aliyelala njiani. Kisha nilikumbuka kusimama mbele ya nguzo nikitazama fundo. Kati ya lango na fundo hapakuwa na kitu. Niliwahi kusoma simulizi nyingi za watu waliokutana na mizimu, na kuzidharau zote. Siku hiyo nilifahamu kwamba mtu anaweza kuwa mzimu wa nyumba yake mwenyewe, akapita, akafanya kazi, akafunga fundo lake na kuondoka.

Nilikula chakula nikasema kimenoga. Siku nne sikumwambia mtu. Ofisini nilisoma kila taarifa mara tatu kabla ya kutia saini, nikitafuta aya zilizojirudia. Kanisani, baba paroko alipouliza nani ataongoza rozari ya jumuiya, niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu mfukoni. Nilihesabu kwa vidole kila Salamu Maria, na nilipofika tendo la tatu jasho lilinitoka kwa shukrani. Nilimwogopa mke wangu kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa karibu, na aliye karibu huona.

Jumapili mchana, yeye akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilikwenda kwenye ua. Bibi alikuwa akipukuchua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mhehe. Umekuja kuomba mahindi? Kwenu mmeshamaliza mbwa?"

"Bibi, leo naomba uniambie jambo bila utani."

Aliliweka gunzi chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Nilitamani arudie matusi yake. Hakurudia.

"Basi kaa, mwanangu," alisema.

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilikaa kwenye jiwe, michongoma ikiwa kati yetu.

"Yale uliyoniambia kuhusu kunywesha asubuhi na mchana," nilisema. "Umeyaona?"

"Nimeyaona. Si kila siku. Unatoka na mkoba wako, unanywesha, unalifunga kopo lako vizuri, unakwenda. Siku nyingine ukirudi unanywesha tena, mkoba bado begani. Mara ya kwanza nilidhani ni dawa ya maua. Nikakutania ili uniambie. Ukacheka."

"Na mke wangu? Yeye huwa wapi?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama gunia litabebeka. "Mkeo anakungoja uondoke, au uingie ndani. Halafu anatoka, anavilaza vile vyungu kimoja kimoja, anamwaga maji. Anavipeleka juani pale ukutani. Kabla hujaamka usingizi wako wa mchana, ameshavirudisha. Mwanangu, yule mama anafanya kazi."

Nilibaki juu ya lile jiwe. Alama za maji nilizoziona sakafuni, zile nilizozifanya ushahidi dhidi yake, zilikuwa za maji aliyoyatoa. Nilimhukumu mbele ya wageni kwa wema unaoua, naye alikuwa mtu pekee aliyezizuia okidi zisife. Na alikuwa amenyamaza vile vile tulivyomnyamazia baba. Alikuwa akiniitikia tendo la pili.

Aliporudi kutoka kwaya nilikuwa nimekaa barazani. Nilimwomba aketi. Nilimwambia kuhusu uzi, kuhusu fundo, kuhusu Bibi. Sauti yangu ilikuwa ile ya kusoma taarifa, kwa sababu sikuwa na nyingine iliyosimama. Kisha nilimwomba radhi kwa maneno ya mbele ya wageni, na nikasema nitayafuta mbele yao hao hao.

"Ulijua tangu lini?" niliuliza.

"Tangu Pasaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinisimulia habari za baba yako." Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. "Nikasema labda ni mkono tu. Mkono wako bado uko Tanga, Mwalimu. Miaka kumi na miwili ulinywesha mara mbili. Mkono una mazoea yake. Nikasema nikimwambia, nitakuwa nimemuua kabla ya siku yake."

"Na kama si mkono?"

Hakujibu, na safari hii nilielewa ukimya wake.

"Baba tulimwitikia," nilisema. "Tulimwacha peke yake ndani ya sala, sote tukiwa tumepiga magoti karibu naye. Usinifanyie hivyo. Nikirudia, niambie nimerudia. Nikikasirika, niambie tena."

"Utakasirika."

"Najua."

"Unakasirika vibaya, Mwalimu."

"Najua, mama."

Tulikwenda hospitali wiki hiyo. Daktari alinipima shinikizo la damu, akachukua damu, akanitaka nichore uso wa saa na nikumbuke maneno matano. Nilikumbuka manne. Neno la tano alinitajia mwenyewe, "chungwa", nami nililisikia kana kwamba linatamkwa kwa mara ya kwanza. Alisema inaweza kuwa uchovu au shinikizo, inaweza kuwa mwanzo wa jambo jingine, na kwamba turudi baada ya miezi sita, maana kipimo kimoja hakitoshi. Nimewahi kuwanyima walimu muda wa siku sita kurekebisha kosa. Mimi nilipewa miezi sita ya kutojua, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Kopo halikuondolewa. Mke wangu alitaka kulificha, nikakataa. Nilitaka kujua, na kitu kilichofichwa hakimfundishi mtu chochote. Tukapatana kwamba Jumamosi nitamwagilia mimi mbele yake, kisha yeye ndiye atakayelifunga. Alilifunga kwa uzi mwekundu, kwa fundo la nyumbani kwao la kufungia mizigo ya kuni, ambalo ncha zake zote mbili huzama ndani na hazionekani. Sikutazama alivyofanya. Wageni wale wawili walikuja Jumapili iliyofuata, nikasema mbele yao nilichopaswa kusema. Hawakucheka. Mmoja wao alianza kuniambia kwamba hata yeye husahau funguo, na mke wangu akamwongezea chai.

Okidi nyeupe imebaki na mizizi mitatu. Mmoja umetoa ncha mpya, ya kijani iliyokolea, ndogo kama kichwa cha kiberiti. Bibi amerudia utani, ingawa sasa kila asubuhi hunisalimu kwanza kwa kunitazama.

Juzi, Alhamisi, nilirudi kutoka shule moja upande wa barabara ya Tunduru. Nilikumbuka lango. Kisha nilikuwa nimesimama mbele ya nguzo, mkoba begani, jua la saa saba likinichoma shingo, na vidole vyangu vilikuwa vikihangaika na uzi mwekundu. Vilikuwa vikitafuta mzunguko wa kwanza. Vikashuka, vikapanda, vikavuta kushoto, na fundo halikutii. Sijui vilihangaika kwa muda gani. Nilichofahamu ni kwamba kucha ya kidole gumba ilikuwa imeanza kuuma, na ni maumivu hayo yaliyoniita nirudi.

Mlio wa cherehani ulikuwa umekoma ndani.

"Mama," niliita, "nimesimama hapa tena."

"Nimekuona, Mwalimu," alisema kutoka dirishani. "Leo ni Alhamisi. Liache, uje ule."